Binti Akiomba Kwenda Mbali

Wazazi wapendwa, binti yenu akiwaambia anataka kwenda kutumikia Injili ugenini, naye si mtawa, msikimbilie kumwuliza ataolewa lini. Annalena Tonelli, mlei kutoka Italia, alifika Kenya mwaka 1969, hajatimiza miaka 30. Huko Wajir alifundisha shule, kisha akawauguza wenye kifua kikuu. Wafugaji wa kuhamahama walikaa manyatta karibu naye miezi 6 mpaka wamalize dawa. Mwaka 2003 alipigwa risasi, akafa, huko Borama, kaskazini mwa Somalia. Siwafichi hilo, nami ni baba, hofu hiyo naijua. Lakini kabla baba hajakataa na mama hajalia peke yake jikoni, salini ninyi wawili, halafu mwiteni, mmsikilize mpaka amalize.