Iko na Yuko

Simu iko, mtu yuko. Hakuna anayekaa darasani kujifunza tofauti hiyo. Tunaipata pamoja na maziwa ya mama. Lakini ramani inayoonyesha simu iliyoibwa ina kitone kimoja tu, na kitone hicho hujibu swali moja tu: simu iko wapi? Aliyeibiwa, moyo ukimwenda mbio, husoma pale jibu la swali jingine kabisa: mwizi yuko wapi? Kwa ulimi, kutoka iko hadi yuko ni hatua fupi. Nataka kuuliza ni hatua ndefu kiasi gani kwa dhamiri, na nani anapaswa kuipiga.

Nianze na aliyeibiwa, kwa sababu ni rahisi kumhubiria mtu uvumilivu wakati simu yako iko mfukoni. Dar es Salaam ya leo, simu ni pochi, ni benki, ni ofisi ya mama lishe anayepokea oda, ni albamu ya picha za baba aliyefariki ambazo hazikuhifadhiwa mahali pengine. Kibaka anayeikwapua kupitia dirisha la daladala, au akiwa amepakizwa kwenye bodaboda, huchukua kwa sekunde mbili kitu ambacho mwenyewe alikilipia kwa miezi. Kusema "ni simu tu" ni anasa ya mwenye simu mbili. Sitetei wizi, wala sioni ubaya wowote katika kujikinga. Swali langu linaanza baada ya hapo, maana kinga zenyewe ni za aina mbili, na mara nyingi tunazitaja kwa pumzi moja kana kwamba ni kitu kimoja.

Aina ya kwanza ni kufunga. Hapa ndipo ilipo namba ya siri ya skrini. Ndipo ilipo PIN ya laini, inayomzuia mwizi kuihamishia laini yako kwenye simu nyingine na kupokea ujumbe wa kuthibitisha akaunti zako. Mwaka 2013 Apple ilianza kuweka kwenye iPhone kufuli ambalo haliondoki hata simu ikifutwa kila kitu. Bila nywila ya mwenyewe, haiwashwi upya kwa matumizi. Mwaka 2014 jimbo la California, Marekani, lilitunga sheria ya kutaka simu janja zitakazouzwa huko kuanzia Julai 2015 ziwe na njia ya mwenyewe kuzifanya zisitumike zikiibwa. Mwaka 2024 Google ilileta kwenye simu za Android kinga inayotambua mtikisiko wa simu inapokwapuliwa, kisha skrini ikajifunga yenyewe. Zote hizi zinafanya kazi moja: zinaipunguzia simu thamani mikononi mwa asiye mwenyewe. Hazihitaji kujua mwizi ni nani, wala hazimfuati mtu hadi kwao.

Aina ya pili ni kufuatilia. Unaingia kwenye akaunti yako kupitia kifaa kingine, unaiona simu kwenye ramani, unaweza kuifanya iite, kuifunga au kuifuta. Siku hizi hata simu isiyo na intaneti inaweza kuonekana kwa msaada wa simu za watu wengine zilizo karibu nayo. Hii nayo ni kinga halali, na aliyeisahau simu yake kwenye teksi ataishukuru. Lakini inatofautiana na ile ya kwanza kwa jambo moja kubwa. Kufuli linamaliza shauri, kitone kinalifungua. Kinakukabidhi habari ambayo hukuwa nayo, na habari hiyo inakaa mkononi ikikusukuma ufanye kitu.

Usiku wa tarehe 5 Agosti 2020, katika jiji la Denver, Marekani, nyumba moja ilichomwa moto watu wakiwa wamelala. Walikufa watano wa ukoo mmoja, wahamiaji kutoka Senegal, wakiwamo watoto wawili wadogo. Wengine watatu waliruka kutoka ghorofani wakanusurika. Waliowasha moto ni vijana watatu waliofunika nyuso. Mmoja wao, aliyekuwa na umri wa miaka 16, alikuwa ameporwa simu. Aliitafuta kwa huduma ya ramani ya simu yake, akaamini kuwa iko kwenye nyumba ile. Siku iliyofuata, alipoona habari, ndipo alipojua kwamba waliokufa hawakuwa waporaji wake. Hawakuhusika kabisa. Mwaka 2024 alihukumiwa kifungo cha miaka 60.

Ni rahisi kusema kwamba huyo alikuwa mkatili na sisi sio. Kweli, wengi wetu hatutachoma nyumba. Lakini tazama ngazi aliyoipanda, kidato kwa kidato. Kutoka kwenye kitone akapata mtaa. Kutoka kwenye mtaa akapata nyumba. Kutoka kwenye nyumba akapata watu. Kutoka kwa watu akapata wakosaji. Kutoka kwa wakosaji akapata adhabu. Teknolojia ilimsaidia kwenye kidato cha kwanza tu. Vilivyobaki alivijaza mwenyewe, kwa hasira, huku akidhani bado anasoma ramani.

Ngazi hiyohiyo tunayo hapa kwetu, na vidato vyake viko karibu zaidi. GPS ya simu, chini ya anga wazi, hukosea kwa takriban mita 5; kati ya majengo hukosea zaidi. Mita 5 kwenye shamba la mkonge si kitu. Mita 5 Manzese ni nyumba ya jirani. Na hata nyumba ikiwa yenyewe, ni nyumba ya kupanga: vyumba sita, familia sita, korido moja, choo kimoja. Kitone kinasimama juu ya bati la wote. Chini yake kuna fundi cherehani, mwanafunzi wa chuo, mjane na wajukuu, na pengine, chumba cha mwisho, kijana aliyeinunua simu ile jana jioni kwa mtu asiyemjua. Unapofika na wenzako wanne wa bodaboda, unamgongea nani?

Tena huko hatufiki kimya. Tuna neno moja ambalo likipigiwa kelele barabarani halihitaji ushahidi wala jina la mtuhumiwa: mwizi. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kimekuwa kikiandika katika ripoti zake kuhusu watu wanaouawa na makundi yanayojichukulia sheria mkononi. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mwenye kosa hadi itakapothibitika kuwa ana hatia. Umati hauna ibara. Zamani ulikuwa na kidole cha mtu mmoja aliyesema "ni yule". Leo una ramani, na ramani ina heshima ambayo kidole hakikuwa nayo. Nani atabishana na satelaiti?

Najua jibu linalokuja. Utaniambia: nikienda kituoni nitapewa RB na kuambiwa nisubiri, na nikisubiri, betri itatolewa na simu itavunjwavunjwa iwe spea. Hoja hii ina uzito. Anayesubiri anaweza kupoteza, na sitajifanya kuwa subira hailipiwi. Lakini tukio la Denver lina sehemu ya pili. Polisi, baada ya kukwama, waliiomba Google, kwa hati ya mahakama, iwaonyeshe ni nani waliokuwa wametafuta anwani ya nyumba ile mtandaoni katika siku za kabla ya moto. Ndivyo vijana wale walivyopatikana, Januari 2021. Njia hiyo nayo ilipingwa, kwa sababu inapekua mambo ya watu wengi ili kumpata mmoja. Shauri likafika Mahakama ya Juu ya Colorado, ambayo Oktoba 2023 iliruhusu ushahidi utumike kwa hoja kwamba polisi walitenda kwa nia njema, lakini ikasema haibariki wala hailaani hati zote za namna hiyo.

Kwa hiyo alama za kidijitali ziliwapoteza vijana, na alama za kidijitali zikawafichua. Zana zilikuwa za jamaa moja. Tofauti ilikuwa kwamba upande wa pili aliyeuliza "yuko wapi?" alilazimika kueleza kwa nini anauliza, mbele ya mtu mwenye uwezo wa kumkatalia, na baadaye mbele ya wengine wenye uwezo wa kusema alikosea. Hicho ndicho kinachokosekana kwenye msafara wa bodaboda usiku. Hata msafara ukimpata mwizi halisi, umempata bila mtu yeyote kuwa na nafasi ya kusema hapana.

Kuna mtu mwingine ambaye kitone hakimwonyeshi: mnunuzi. Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozima simu bandia nchini, watu wengi walijifunza kwa mara ya kwanza kubonyeza *#06# na kuitazama IMEI, namba ya tarakimu 15 inayoitambulisha simu. Tuliijua ili kujiuliza kama simu zetu ni halisi. Ni wachache wanaoiuliza namba hiyo swali la pili: simu hii ilikuwa ya nani? Anayenunua simu ya laki nne kwa laki moja, bila risiti, bila boksi, naye amesoma ramani na kuchagua kutoona. Wengi wetu tunaomlaani kibaka ndio soko lake. Ukitaka kumfuatilia mtu, mmoja wa kuanza naye ni huyo aliye kwenye kioo.

Methali inasema za mwizi arobaini. Kwa kawaida tunaitumia kama tishio: atakamatwa tu. Mimi naisikia pia kama kipimo cha muda. Siku arobaini zinatosha hasira kupoa, jirani kuulizwa, aliyesingiziwa kujieleza. Kitone kinatupa sekunde chache, na ndiyo maana uamuzi wa kimaadili hauwezi kuachwa hadi kitone kiwake. Unafanyika leo, simu ikiwa mkononi na akili ikiwa imetulia. Weka kufuli kwenye skrini na kwenye laini. Hifadhi picha zako mahali pengine. Andika IMEI kwenye karatasi na uiweke nyumbani. Washa huduma ya kuitafuta simu, ndiyo, na siku hiyo ikifika ifunge na kuifuta kwanza, kabla ya kuanza kuitazama inavyosafiri mjini. Halafu jiulize swali ambalo hakuna mpangilio wa simu utakaokuuliza: kitone kikisimama juu ya bati la watu nisiowajua, nitakwenda na nani, na je, kati yao kutakuwa na mtu mmoja wa kuniambia turudi?