Mlango Usiku wa Oktoba 31

Kila mwaka, baada ya ibada, sisi wazee tuliokuja kuishi na watoto wetu hapa Marekani tunaulizana: je, Mkristo afungue mlango usiku wa Oktoba 31? Ndio usiku wa Halloween, watoto wa mtaa wanapovaa kama mizimu na mifupa, wakapita nyumba kwa nyumba kuomba peremende. Wapo wenzangu wanaozima taa na kukaa kimya. Ninawaheshimu. Mimi nafungua, ingawa moyo wangu hautulii.

Kinachonisumbua si uchawi. Sioni uchawi katika mtoto wa miaka mitano aliyejifunika shuka. Kinachonisumbua ni makaburi. Hapa Minnesota majani yakianza kupukutika, majirani husimamisha mawe ya kaburi ya plastiki mbele ya nyumba, na mkono wa mifupa ukitokeza kwenye nyasi. Kwetu Uchagani kaburi liko kihambani, chini ya migomba, hatua chache kutoka jikoni, na mtoto hufundishwa mapema asilikanyage. Mume wangu amelala pale. Nadhani watu huweza kuchezea kaburi pale tu wafu wao wanapokuwa wamewekwa mbali, mahali pa kwenda kwa gari.

Ajabu ni kwamba usiku huu ulikuwa wa Kanisa. Jina Halloween lenyewe lina maana ya mkesha wa Watakatifu. Katika karne ya 8, Papa Gregory III aliweka wakfu kanisa dogo ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro, Roma, kwa heshima ya watakatifu wote, na Novemba 1 ikawa siku yao. Sisi Walutheri nasi tunaikumbuka Oktoba 31, kwa kuwa ndiyo tarehe ya hoja 95 za Martin Luther, mwaka 1517. Baadaye wahamiaji kutoka Ireland na Uskoti walileta Marekani michezo yao ya mkesha huo. Kwao walichonga nyuso kwenye tanipu. Huku wakakuta maboga, makubwa na rahisi kuchonga. (Ugomvi wangu na boga ni mmoja tu: linatupwa jalalani, na majani yake hakuna anayeyapika.)

Kwa hiyo siwezi kusema vijana wameiharibu desturi. Ilikuwa imegeuka mara nyingi kabla sijafika. Hata Sikukuu ya Mavuno huko nyumbani imegeuka: tulipeleka madebe ya mahindi, mikungu ya ndizi na kuku waliofungwa miguu, kisha mnada ukafanyika nje ya kanisa kwa vicheko. Siku hizi wengi hutia fedha kwenye bahasha au hutuma kwa simu. Mungu anapokea, sina shaka. Lakini bahasha hainuki shamba.

Katika Kumbukumbu la Torati 26, mwenye kikapu cha malimbuko hasimami peke yake. Anasimulia kwamba babu yake alikuwa mtu wa kuhamahama, halafu anafurahi pamoja na Mlawi na mgeni anayeishi kati yao. Zamani niliposoma sura hiyo nilikuwa mwenye kikapu. Sasa mimi ni mgeni.

Na hapa ugenini hakuna hodi. Mtu hupiga simu kwanza, tena siku mbili kabla. Mwaka mzima waweza kupita bila mtoto wa jirani kukanyaga kizingiti chako, isipokuwa usiku huo mmoja. Nikizima taa, nitakuwa nimemkatalia mlango mgeni kwa sababu ya nguo aliyovalishwa na mama yake.

Mkwe wangu hakubaliani nami. Anasema mtoto hujifunza kwa macho, na anayezoea kuchekea kifo hatakiogopa wala kukiheshimu. Sijapata jibu la kumtosheleza. Ninachofanya ni kumpeleka mjukuu kanisani Jumapili ya Watakatifu Wote, majina ya waliolala yanaposomwa na mishumaa kuwashwa. Jina la babu yake analijua.

Mwaka huu mjukuu huyo aliniomba avae mifupa. Nilimwambia achague kitu kilicho hai. Amechagua twiga, na mama yake bado anahangaika na shingo.