Herufi Isiyo na Mkono

Kila maandishi yana mambo mawili: neno lisemwalo, na umbo la herufi lilibebalo. Wasomaji wengi hushughulika na la kwanza, la pili wakalipita. Hata hivyo, ndani ya umbo mna swali la kimaadili: nani wa kuulizwa kwa neno lililoandikwa?

Katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini ya Unguja, kwenye ukuta wa kibla kando ya mihirabu, pana maandishi ya khati ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Herufi zake ni za pembe na mistari iliyosimama, zimechongwa katika jiwe la matumbawe, na ncha zake zimechanua kama majani. Mbali na uzuri wake, maandishi hayo yana uaminifu: yanamtaja aliyeamrisha msikiti ujengwe, na yanataja tarehe. Mwenye neno anajulikana.

Ukija Darajani, Mji Mkongwe, ukasimama mbele ya duka la kanga, mambo ni mengine. Zamani jina la kanga liliandikwa kwa herufi za Kiarabu; baadaye zikashika nafasi herufi za Kirumi, aghalabu kubwa tupu, za unene mmoja, zisizo na vikia. Mapambo yote yameachiwa pindo na mji. Herufi hizi ni jamaa za ile iliyosanifiwa na Paul Renner, Mjerumani, ikatoka mwaka 1927 kwa jina la Futura: imejengwa kwa duara, pembetatu na mraba, na ncha ya A yake ni kali kama mshale. Kwa Futura ndiyo lilivyoandikwa bamba waliloliacha mwezini wanaanga wa Apollo 11 mwaka 1969, bamba lililonena kwa niaba ya wanadamu wote. Ilifaa kwa kazi hiyo, kwani haina alama ya mkono wa mtu. Husema kama kwamba wanasema wote, na kwa hivyo hasemi yeyote.

Hiyo ndiyo siri ya kanga. Mwanamke akijitanda fumbo akapita barazani kwa jirani, akiulizwa atajibu kuwa maneno ni ya kiwandani, yeye kanunua nguo. Mwandiko wake ungemfichua. Herufi ya chapa humsitiri. Wapo wasemao kuwa huo ni unafiki. Lakini sitara hiyo ina milango miwili: aliyelengwa naye huweza kujifanya hakusoma, ugomvi ukafa bila ya mtu kuaibika. Kwa watu wanaochangia ukuta na kisima, hilo si jambo dogo.

Mpaka wake uko wapi, basi? Sitara ni halali pale ambapo aliyelengwa anaweza naye kuvaa doti yake akajibu. Asiyeweza kujibu, awe yatima, mgonjwa au mtumishi, akirushiwa neno, herufi haimtoi lawamani aliyelivaa. Kiwanda kilichapa kanga nyingi. Yeye kachagua moja, siku moja, kapita nayo njia moja. Hapo herufi imekwishapata mkono.