Umepandwa Wapi?

Somo: Zaburi 92:12–15, Yoshua 14:6–12



Sisi wa Hola tunaijua miembe. Mwembe mzee hauulizwi umri. Msimu ukifika, unazaa. Mtunga Zaburi anasema wenye haki waliopandwa nyumbani mwa Bwana huzaa hata uzeeni. Hakutaja nyumba ya mabati, ya makuti wala ya kupanga.

Nasema hivi kwa sababu mto Tana umetuhamisha wengi. Mafuriko ya 1997, ya 2018, ya 2023! Mzee aliyekuwa na shamba lake, leo yuko chumba cha nyuma kwa mwanawe. Mwingine aliwahi kulala hemani. Na ukishahama ni rahisi kuketi tu. Asubuhi kiti, jioni kiti. Miguu inakaza, na moyo nao unakaza.

Haya, fungua Biblia. Kalebu, miaka 85, aliomba mlima, hakuomba kiti. Naomi aliishi na mkwewe Ruthu, akamlea Obedi, babu yake Daudi. Nabii Ana, mjane wa miaka 84, hakuondoka hekaluni, akifunga na kuomba. Yakobo alifika Misri na miaka 130, mgeni aliyekimbia njaa. Lakini yeye ndiye aliyembariki Farao. Makao manne, Mungu mmoja, na hakuna aliyestaafu.

Vijana, mkimwambia mama, "Keti tu, usiguse kitu," mnadhani ni heshima? Mnamzeesha! Mpeni mboga achambue. Mpeni kipande cha ua apande mchicha. Na ile elfu mbili ya Inua Jamii ni yake, msimpangie matumizi.

Nanyi wazazi wetu, Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi kama kutembea kwa haraka kidogo. Ni nusu saa, siku tano. Anza polepole, kadiri ya nguvu zako. Toka kabla jua halijachoma, mpitie jirani mgonjwa, omba naye. Hapo mwili na roho vimefanya kazi pamoja. Na asiyeweza kuinuka kitandani? Mdomo wake ndio jembe lake. Awaombee wajukuu, mmoja mmoja, kwa majina.

Wiki hii kila nyumba ijiulize: mzee wetu tumemweka tu, au amepandwa?

Amina.