Kisiwa Kisichokuwepo na Reli ya Kitale

Mnamo Novemba 2012, meli ya utafiti ya Australia iitwayo Southern Surveyor ilikuwa katika Bahari ya Matumbawe, kati ya Australia na Kaledonia Mpya. Data za ramani walizokuwa nazo wanasayansi zilionyesha kisiwa mbele yao, Sandy Island, chenye urefu wa zaidi ya kilomita 20. Ramani ya Google nayo ilikionyesha. Lakini chati ya baharini ya meli ilionyesha maji marefu mahali hapohapo. Wakaamua kupita kwa tahadhari huku wakipima kina. Kipimo hakikupungua mita 1,300. Kisiwa hakikuwepo.

Nimekileta kisa hiki cha mbali kwa ajili ya yeyote anayetaka kujenga reli yetu ya magharibi, ya Kitale au ya Bungoma, ndani ya programu ya kuigiza uendeshaji wa treni kama Open Rails au Trainz. Siku hizi kazi hiyo huanza na data huria: mistari ya reli, barabara na mito kutoka kwenye ramani ya OpenStreetMap, na mwinuko wa ardhi uliopimwa na vyombo vya angani. Ni neema kubwa. Mtu mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuupata uwanda wote wa Uasin Gishu bila kulipa hata shilingi. Na hapo ndipo mimi na wewe tunapoweza kujikwaa, kwa sababu kitu kikishatokea kwenye skrini kikiwa kimepangika vizuri, huwa vigumu kukitilia shaka.

Kosa la Sandy Island halikukosa dalili. Habari za kisiwa hicho zilitoka kwa meli ya kuvulia nyangumi iitwayo Velocity, mwaka 1876, na mwaka 1908 kikaonekana kwenye chati ya Waingereza. Mwaka 1979 idara ya Ufaransa inayopima bahari ilikiondoa kwenye chati zake. Mwaka 2000 wapenzi wa redio za mawasiliano waliopita eneo hilo waliona kwamba hapakuwa na kitu. Hao hawakuwa maprofesa, walikuwa watu wa kujifurahisha tu kama sisi wa treni, na walikuwa wameona kweli. Lakini kisiwa kilikuwa kimeshaingia kwenye hifadhidata ya mwambao ya Marekani, iliyochorwa kutoka kwenye chati za karatasi na kugawiwa bure, na kutoka huko kikanakiliwa huku na huku. Kila aliyenakili aliamini kwamba aliyemtangulia alikagua.

Sasa tuje nyumbani. Reli kuu inayotoka Nakuru hupanda hadi Timboroa, ikateremka Eldoret, ikapita Leseru, Turbo, Webuye na Bungoma, kisha ikatokea Malaba. Tawi la Kitale, lililofunguliwa mwaka 1926, huchepuka Leseru na kupitia Moi's Bridge. Kwa matatu, kutoka Kitale unapita Kiminini na Webuye, na Bungoma umefika. Kwa treni njia hiyo haipo. Ingebidi urudi mpaka Leseru ndipo ushuke Turbo. Mjenzi wa huku analijua hilo, lakini wa mbali akiona miji miwili jirani, yote miwili ikiwa na stesheni, atashawishika kuiunganisha.

Lipo kosa la hila zaidi. Katika OpenStreetMap kila mstari wa reli huweza kuwa na maelezo: reli inatumika, imeachwa, au imeng'olewa, na upana wake ni milimita 1,000 kama ilivyo reli yetu ya zamani. Programu ya kugeuza data mara nyingi huchukua mstari na kuyaacha maelezo. Basi reli hai na reli iliyofunikwa na nyasi hutoka zikiwa sawa kabisa. Kwa miaka mingi treni hazikuwa zikifika Kitale, na tawi lile lote lilikuwa tuta, mataruma na magugu. Anayeweka treni ya abiria ya asubuhi hapo bila kuuliza ni mwaka gani anaouigiza, anajenga kitu ambacho hakikuwepo.

Swali la mwaka ndilo la kwanza, na ndilo linalorukwa kuliko yote. Ukichagua mwanzoni mwa miaka ya 1960, basi Webuye bado ni Broderick Falls na Moi's Bridge ni Hoey's Bridge, na kiwanda cha karatasi cha Webuye hakipo, kwa kuwa kilikuja katika miaka ya 1970. Ramani ya leo haitakuambia lolote kati ya hayo.

Lakini panapoumiza zaidi ni kwenye mwinuko. OpenStreetMap huonyesha reli inapita wapi. Kwa kawaida haisemi iko juu kiasi gani. Kwa hiyo wajenzi wengi huchukua vipimo vya rada vilivyofanywa na chombo cha angani Endeavour mwezi Februari 2000. Vipimo hivyo ni kazi ya kustaajabisha, ila vina kiwango chake. Lengo lilikuwa kosa lisizidi mita 16 kwa sehemu kubwa ya vipimo, na nukta moja husimama badala ya eneo la mita 30 kwa 30. Juu ya hayo, kwenye msitu mnene rada hairudi kutoka ardhini. Hurudi kutoka karibu na vilele vya miti.

Fikiria basi upande wa Turbo, palipopandwa miti mingi kwa ajili ya kiwanda kile cha Webuye. Treni inatoka kwenye shamba la mahindi na kuingia msituni. Ardhi ni ileile, lakini data inaona ukingo wa mita kumi au zaidi. Reli ya nchi ya vilima kwa kawaida hupanda mita moja na nusu au mbili kwa kila mita 100. Ukiilaza juu ya data hiyo bila kuinyoosha, itapanda mita kumi ndani ya mita 30, na injini itasimama au mabehewa yatakatika. Mkato mwembamba uliochimbwa kilimani nao unapotea, na daraja la mto linazama mpaka majini.

Dalili za kosa hili huonekana mapema, ndiyo maana inasikitisha zikipuuzwa. Chora mchoro wa mwinuko wa njia yako kutoka Eldoret, iliyo kwenye mita kama 2,100, hadi Bungoma, kwenye mita kama 1,400. Mteremko wa kweli ni mrefu na mtulivu. Mchoro wako ukiwa na meno kama msumeno, usijiambie kwamba utarekebisha baadaye, maana ukishapanda miti na kuweka nyumba, kila rekebisho la reli litabomoa mandhari uliyoyahangaikia. Dalili nyingine ni stesheni yenye mstari mmoja tu. Stesheni kwenye reli ya njia moja kwa kawaida ilihitaji njia ya kupishana, na aliyechora kutoka kwenye picha ya setilaiti huenda hakuiona.

Pa kukagua papo. Karatasi za Survey of Kenya za kipimo cha 1 kwa 50,000 zina mistari ya mwinuko na reli juu yake. Mwinuko wa stesheni uliandikwa kwa futi. Wa Timboroa ni futi 9,001, yaani karibu mita 2,743. Ukipata stesheni nne au tano za namna hiyo, zishike kama misumari, kisha nyoosha reli kati yake na uilazimishe ardhi ya kompyuta ifuate reli. Makumbusho ya Reli ya Nairobi yapo. Na wazee waliofanya kazi ya reli bado wako mitaani Bungoma na Kitale. Mzee aliyekuwa fundi wa njia anakumbuka kona aliyoitengeneza. Nenda kwake kwa heshima na karatasi, muulize njia za kupishana zilikuwa ngapi na ghala lilikuwa upande gani, na umwache aseme kwa wakati wake.

Ukigundua kosa kwenye ramani, lirudishe kwenye OpenStreetMap kwa kile ulichokiona mwenyewe, pamoja na tarehe. Ila usithubutu kuchora humo reli ya kubuni ili mchezo wako upendeze. Ramani hiyohiyo hutumiwa na watu wa msaada kutafuta njia za kuwafikia walioathirika na maafa, na mlima Elgon hapo juu yetu umewahi kuporomoka na kuua, kama ilivyotokea Bududa, Uganda, mwezi Machi 2010. Reli yako ya kubuni ibaki kwenye faili lako. Na unapoigawa njia uliyoijenga, taja wazi kwamba data zimetoka kwa wachangiaji wa OpenStreetMap, kwani ndivyo leseni yake ya tangu 2012 inavyodai, kisha andika pembeni ni sehemu zipi umezikagua na zipi umezikisia, ili atakayeichukua kazi yako ajue pa kuanzia.