Mgeni Katika Kiwanja cha Shabaha

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, tumepata barua ya ndugu mmoja wa pwani aliyehamia Uriri, mji mdogo ulio njiani baina ya Rongo na Migori, kwa ajili ya biashara yake. Huko ana darsa ndogo ya vijana, na baada ya Alasiri huwatoa kiwanjani akawafunza kulenga shabaha kwa upinde na mishale. Asema: "Wale wa kwanza wamekwisha kuwa hodari, na sasa hushindana. Lakini akija mgeni, mshale wake ukaanguka nyasini, humcheka. Watatu wamekuja mara moja wasirudi tena, na mmoja wao ni kijana aliyesilimu juzi tu. Je, dini yatwambia nini?"

Twajibu, na tawfiki ni ya Mwenyezi Mungu.

Kulenga shabaha si upuuzi. Katika Sura ya Anfal, aya ya 60, Waislamu waliamrishwa kuandaa nguvu waziwezazo, na Uqba bin Amir amepokea, katika Sahihi ya Muslim, kuwa Mtume (s.a.w.) aliifasiri nguvu hiyo kuwa ni kupiga mishale, akalikariri neno hilo mara tatu. Uqba mwenyewe alikuwa mtu mzima sana, naye angali akienda na kurudi baina ya shabaha mbili.

Lakini jawabu ya swali letu imo katika kisa alichokipokea Salama bin al-Akwa, nacho kimo katika Sahihi ya Bukhari. Mtume (s.a.w.) aliwapitia watu wa kabila la Aslam wakishindana kwa mishale. Akawahimiza wapige, akawakumbusha kuwa baba yao Ismail alikuwa mpiga mishale, kisha akasema kuwa yeye yu pamoja na kundi fulani. Mara wale wa kundi la pili wakaizuia mikono yao. Alipowauliza mbona hawapigi, walijibu: watapigaje, naye yu pamoja na wenzao? Hapo akawaambia wapige, naye yu pamoja nao wote.

Zingatieni, ndugu zangu. Watu wale hawakukatazwa na mtu. Walivunjika moyo tu. Na Mtume hakuwalaumu, bali aliiondoa sababu iliyowavunja. Ikiwa watu wa Aslam, waliozoea pinde, waliizuia mikono yao kwa kudhani hawana mtu upande wao, atakuwaje kijana aliyeshika upinde leo, naye asikia kicheko nyuma yake?

Wala sisi wa pwani tusiwaone vijana wa Uriri kuwa wabaya pekee. Ni mara ngapi mtu wa bara ameingia msikitini mwetu, akakosea katika safu, akakodolewa macho mpaka akatoka asirudi? Ugonjwa ni huo huo mmoja: aliyetangulia hujiona mwenye mali, na ajaye nyuma huonwa mdoezi. Sura ya Abasa iliteremka kwa sababu ya kipofu aliyekuja kutaka kufunzwa. Hilo latosha kwa mwenye moyo.

Basi twamnasihi ndugu yetu haya. Mgeni asianzishwe mbali. Wapiga mishale wa Olimpiki hulenga kutoka mita 70, shabaha yenye upana wa sentimita 122, na duara la katikati halizidi sana sentimita 12. Lakini huko ni mwisho wa safari, si mwanzo. Mgeni awekewe shabaha hatua 10, apewe upinde laini, aonje kwanza utamu wa kufuma, kisha arudishwe nyuma kidogo kidogo. Na kila mgeni awe na hodari mmoja wa kumpa mishale na kumrekebisha kwa upole. Katika Sunan za Abu Dawud na Tirmidhi imepokewa kuwa mshale mmoja huwatia watu watatu peponi: aliyeutengeneza kwa nia njema, aliyeupiga, na aliyemkabidhi mpigaji.

Salama nayo ihifadhiwe. Wote wasimame mstari mmoja, asitoke mtu kuokota mishale mpaka pinde zote ziwekwe chini. Mtume aliamrisha apitaye na mishale msikitini au sokoni azishike chembe zake, asije akamjeruhi mtu. Wala wasifanye shabaha kiumbe chenye roho, amelikataza hilo. Na zawadi aitoe mwalimu. Wakichanga wote kisha mshindi akazoa fedha, hiyo ni kamari.

Mwaka 2016, Kenya ilipoingia uwanjani Rio de Janeiro katika ufunguzi wa Olimpiki, aliyeibeba bendera yetu alikuwa mpiga mishale, Shehzana Anwar. Naye iko siku alishika upinde kwa mara ya kwanza. Nani ajuaye wale watatu wa Uriri wangefika wapi?

Ndugu yetu asingoje warudi wenyewe. Awaendee majumbani mwao, afuatane na hao hao waliocheka, waombe radhi, na kesho yake wawe wao wa kuwakabidhi mishale. Mwenyezi Mungu azilainishe nyoyo zetu, na atujaalie tuwe mlango kwa wanaokuja, tusiwe ukuta. Amin.