Kovu na Dawa ya Ujana

Ngozi ni vazi ambalo mtu hulivaa kabla hajajua kuvaa, na hulivua siku ambayo hana tena habari ya mavazi. Kwa hiyo si ajabu kwamba binadamu hulitunza, hulipamba, hulionea fahari, na mara nyingine hulionea haya. Walakini lipo swali lisilochakaa: utunzaji wa ngozi hukoma wapi, na uongo huanza wapi? Wanafalsafa wamelijadili, na matabibu pia. Majibu mawili mazuri, hata hivyo, yamo mahali ambapo mwanachuo aghalabu hapatazami: katika sinema za kigothi za Marekani, zile zenye majumba ya giza, nyuso zilizopauka na mzaha juu ya kifo. Mwenye kuzidharau kwa kuwa ni mchezo akumbuke kwamba ngano za mazimwi nazo zilikuwa mchezo, na watoto walipata akili humo.

Sinema ya kwanza ni Edward Scissorhands, iliyoongozwa na Tim Burton katika mwaka wa 1990. Edward ni kiumbe aliyeundwa na fundi mzee katika kasri lililo juu ya kilima. Fundi alimpa moyo na adabu, akafa kabla hajampa mikono. Badala ya vidole, kiumbe akabaki na makasi marefu. Ajigusapo uso hujikata, na uso huo mweupe umejaa makovu. Siku moja anafika humo Peg Boggs, mama wa nyumbani anayeuza vipodozi vya Avon mlango kwa mlango, ambaye biashara yake mtaani imekuwa mbaya siku hiyo. (Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka wa 1886 na David McConnell, mchuuzi wa vitabu aliyewapa wanunuzi wake manukato kuwa bakshishi, akatambua kwamba manukato yalipendwa kuliko vitabu. Watungaji wa vitabu waimeze habari hiyo taratibu.) Peg anamwona kiumbe gizani, anaogopa, anataka kukimbia; kisha anaona makovu, na hofu inamtoka. Jambo la kwanza alifikirilo si uzuri bali ni usalama wa majeraha: anataka kuyapaka dawa ya maji ya kusafishia ngozi yasije yakaoza. Halafu anamchukua nyumbani kwake.

Nyumbani Peg anachanganya rangi, anapaka, anafuta, anapaka tena. Makovu hayafichiki. Kwa mizani ya biashara mama huyu ameshindwa kabisa, na mtazamaji hucheka. Lakini ndani ya ushinde huo limo tendo lenye uzito: uso ambao kwa miaka umeguswa na makasi tu sasa unaguswa na vidole vya mtu. Krimu imekuwa sababu ya kumkaribia aliyetengwa.

Sinema ya pili ni Death Becomes Her, ya Robert Zemeckis, iliyotoka mwaka wa 1992. Humo dawa haishindwi. Madeline Ashton, mchezaji wa michezo ya kuigiza aliyeanza kuzeeka, ananunua kwa mwanamke wa ajabu maji ya kurudisha ujana na kuzuia kifo. Anakunywa, na papo hapo makunyanzi yanatoweka na mikono inanyooka. Muuzaji anamwonya autunze mwili wake, kwa maana atakaa nao muda mrefu sana. Mpinzani wake, Helen Sharp, amekwisha kunywa maji yale yale. Usiku huo mmoja anavunjika shingo kwa kuanguka ngazini, mwingine anatobolewa tumbo kwa bunduki, na wote wawili wanasimama wakiendelea kugombana. Hawafi; lakini wala hawaponi. Shingo haiungi, tundu halizibi. Inambidi Ernest, mume wa Madeline, tabibu wa kurekebisha nyuso aliyeshuka hata akawa mpambaji wa maiti, awapake rangi kama apakavyo wateja wake wa kila siku.

Basi tazama kinyume kilichopo hapa. Krimu isiyofaa ilimletea Edward jamaa. Dawa iliyofaa mno iliwafanya wanawake wawili kuwa sanamu zinazohitaji fundi. Tofauti haimo katika chupa. Imo katika jambo ambalo kila mmoja aliitaka ngozi ifanye.

Elimu ya mwili yaunga mkono fikira hii. Tabaka ya juu kabisa ya ngozi ni seli zilizokwisha kufa. Seli mpya huzaliwa chini, hupanda, hukauka, hufa na kupukutika. Safari hiyo kwa mtu mzima huchukua takriban mwezi mmoja, na katika uzee huzidi. Ngozi basi huishi kwa kufa kidogo kidogo. Vivyo hivyo kovu si uharibifu. Uharibifu ulikuwa jeraha, na kovu ni kiraka ambacho mwili umejishonea wenyewe. Edward, ingawa aliundwa na fundi, ana makovu: maana yake anapona. Madeline na Helen hawawezi kupata kovu hata moja. Kilichozuiwa ndani yao ni kule kupita kwa wakati ambako huleta makunyanzi, na ambako pia hufunga vidonda. Mtu hawezi kuuzuia wakati mlango wa mbele akauruhusu mlango wa nyuma.

Atakaye mashauri ya ngozi asione kwamba sinema hizi zinamnyima. Kidonda kisafishwe kwanza, kipambwe baadaye. Hilo Peg alilijua. Kikisha kusafishwa, mafuta ya kawaida ya mgando na bendeji huzuia kidonda kisikauke, nacho hupona vizuri zaidi. Kovu jipya lifichwe jua, kwa sababu jua hulitia weusi. Na Morticia wa The Addams Family, sinema ya mwaka wa 1991, ambaye uso wake haukujua mchana, angesifiwa na matabibu kwa jambo moja: hapana krimu ya kuondoa makunyanzi ishindayo kivuli.

Lakini hapa pana mtego. Weupe wa Morticia na wa Edward ni alama ya kaburi. Sinema yautumia kwa mzaha, si kwa kuusifu. Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam, ambako mkorogo huuzwa, aweza kuutazama weupe huo kwa uchungu zaidi, maana wapo waununuao kwa afya zao. Zebaki iliyomo katika baadhi ya krimu hizo hudhuru figo. Na haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu yaweza kuitia ngozi madoa meusi yenye rangi ya samawati, yaani kinyume cha kile kilicholipiwa. Ni maji ya Madeline katika kopo la bei rahisi.

Je, afichaye kovu ni mwongo? Si lazima. Mtu aliyeungua moto akajipaka rangi ili apite sokoni kwa amani hadaiwi maelezo na yeyote. Lawama ni ya macho yanayomfuata. Majirani wa Peg wana nyumba zilizopakwa rangi laini kama peremende. Wanampenda Edward maadamu anawapunguzia miti na kuwakata nywele. Anapotiwa katika wizi ambao wengine waliupanga, wanamfukuza hadi kilimani. Uongo wa mtaa ule haukuwa katika kikopo cha poda.

Ernest naye anapewa maji yale, ili apate kuwapaka rangi wake zake wawili wa milele, na anakataa. Anaishi miaka mingine 37, anazeeka, anazikwa na watoto na wajukuu. Wanawake wale wanahudhuria maziko yake wakiwa wamebanduka rangi, na wanacheka.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba kukubali uzee ni jambo jepesi kwa wenye moyo mwema. Hadithi ya Edward inasimuliwa na Kim, binti wa Peg, ambaye sasa ni bibi kizee. Mjukuu anamwuliza mbona hakurudi tena kilimani. Kim anajibu kwamba anapenda Edward amkumbuke kama alivyokuwa. Yeye aliyeupenda uso wenye makovu hathubutu kuuonyesha wake wenye makunyanzi, tena kwa kiumbe ambaye hakupata kumhukumu mtu kwa ngozi yake. Juu kasrini Edward hajazeeka. Anachonga barafu, na vumbi lake linashuka mjini kama theluji.